Difu ya Nyuma Peke Yake

Mara ya kwanza nilipomwendea Phares Obonyo nilikuwa nimeshapanga bei yangu kichwani, na ilikuwa nusu ya bei yoyote ambayo angeitaja. Si kwa ubaya. Nauza mbuzi Kiamaiko mwaka wa kumi na nne sasa, na nilianza na mbuzi watatu na kamba moja. Mtu aliyeanza hivyo hakubali bei ya kwanza, hata ya chumvi.

Pikapu yangu ilikuwa imevunja difu kwa mara ya tatu katika miezi minane. Difu, kwa asiyejua, ni lile tufe la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo hupokea nguvu ya injini kutoka kwenye propela, ule mhimili mrefu unaozunguka chini ya gari, na kuyagawia magurudumu. Gari langu hubeba mbuzi thelathini na wawili kutoka Merti kuja Nairobi kupitia Isiolo, na kabla hujafika lami ya Isiolo barabara ni mawe, mchanga, mawe tena, kisha mto usio na daraja. Mafundi wawili wa kwanza walinifungia difu za mtumba, wakanisifu kwa kujua kuchagua, wakapokea chao. Wa tatu nilielekezwa na mama mmoja anayepika chai kwenye vibanda vya jua kali vya Kariobangi.

"Nenda kwa yule mzee kiziwi," aliniambia. "Atakukasirisha, lakini gari litatembea."

Nilimkuta ameinamia injini ya gari dogo linalonguruma. Alikuwa ameshika nondo ndefu nyembamba, ncha moja ameiegemeza kwenye giaboksi na nyingine kwenye mfupa wa taya, chini ya sikio. Macho alikuwa ameyafunga. Nikamsalimu. Hakugeuka. Nikamsalimu tena, na mara ya tatu. Nikadhani ni ujanja wa kupandisha bei, maana fundi anayekusubirisha anataka uamini kwamba kazi imemlemea. Nikageuza ndoo nikakaa, nikahesabu magari yaliyokuwa kibandani. Lilikuwa moja tu, hilo hilo alilokuwa akilisikiliza. Nikajua mkono wa juu ni wangu.

Mwishowe akafungua macho.

"Karibu, mama. Nilikuwa kazini."

"Nimekusalimu mara tatu."

"Basi salama, salama, salama. Gari gani?"

Tuliisukuma pikapu mpaka kibandani, mimi, yeye na dereva wangu Mahad. Nilitarajia aingie chini moja kwa moja. Yeye akachuchumaa mbele ya gurudumu na kulipapasa.

"Haya matairi makubwa uliyavalisha lini?"

"Mwaka jana. Ili lipite juu ya mawe."

"Umemvalisha mtoto viatu vya baba yake, halafu unashangaa akianguka."

Mahad akacheka. Nikamtazama, akaacha.

Phares akachukua chaki na kuchora magurudumu mawili ya meno kwenye mlango wa bati. Alisema difu yangu ina meno arobaini na moja yanayosukumwa na kumi, kwa hiyo propela huzunguka mara nne na kidogo ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa matairi ya kiwandani, na mzigo wa kiasi, hesabu hiyo ni sawa. Kwa matairi yangu na mbuzi thelathini na wawili kilimani, injini ilikuwa kama mtu anayesukuma ukuta, na kilichokuwa kikilipia ni meno.

"Nataka nikuwekee thelathini na tisa kwa nane," alisema. "Propela izunguke karibu mara tano. Kwenye lami utapitwa na kila mtu. Huko kwenye mawe utapanda kama ngazi. Nitabadilisha na klachi, niweke sahani ya gari la mzigo. Difu ya mbele na ya nyuma, zote mbili."

Niliposikia zote mbili, akili yangu ikaketi wima.

"Ya mbele imevunjika?"

"Hapana."

"Basi iache ya mbele."

Akaweka chaki chini polepole, kama mtu aliyewahi kuyasikia hayo. Akanieleza kwamba difu mbili zikitofautiana meno, siku nitakapovuta lever, ule mkono wa gia unaotia nguvu magurudumu yote manne, ya nyuma yatataka mwendo wake na ya mbele wake. Yatagombana ndani ya transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, na transfa ndiyo itakayokufa.

"Basi hatutaivuta hiyo lever," nikasema.

"Unasema hivyo hapa, kukiwa kukavu."

Hapo ndipo nilipotoa nilichokuwa nimekiweka. Nilimwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka kibanda cha pili, kwamba huku nje watu wanasema amekuwa kiziwi, na kwamba gari nililolikuta kwake ni moja, na kwamba fundi mwenye gari moja hamchagulii mteja difu. Nilitaka akasirike. Mtu aliyekasirika hupunguza bei ili uondoke.

Hakukasirika. "Sikio la kushoto lilishakwenda," alisema. "La kulia linafunga virago. Nilikaa miaka ishirini na miwili kwenye karakana ya reli, kati ya nyundo. Lakini mfupa bado unasikia, mama. Endelea na bei yako."

Tukavutana mpaka adhana ya adhuhuri. Akakubali difu ya nyuma peke yake, kwa bei niliyokuja nayo kichwani, kwa sharti moja. Angeitoa propela ya mbele, ile inayopeleka nguvu difu ya mbele, aitundike ukutani kwake. Bila propela hiyo, hata mtu akivuta lever hakuna kitakachogombana, na gia nzito ya kupandia bado ingefanya kazi kwa magurudumu ya nyuma. Siku nitakayoleta difu ya mbele, angeirudisha.

Nilikubali huku nikicheka moyoni. Niliona amejitafutia rehani tu, ili nirudi.

Kazi ilichukua siku tatu, na siku zote tatu nilikaa pale. Siachi mali yangu kwa fundi nikaenda zangu. Ndivyo nilivyokuja kumjua.

Asubuhi ya kwanza alikataa beringi nilizomletea. Nilikuwa nimezipata kwa bei nzuri mahali fulani mjini, zikiwa ndani ya boksi lenye maandishi ya kupendeza. Akaizungusha moja kwa kidole, akaibana kwenye taya, akaiweka kando. Akaizungusha ya pili. "Hizi zilioshwa zikatiwa kwenye boksi jipya," alisema. "Zirudishe kabla hawajahama." Nikazirudisha, na kweli nilimkuta mwenye duka akifungasha.

Mchana akavuka barabara kwenda kwa Elsie, msichana anayeuza vipodozi, akarudi na rangi ya mdomo nyekundu. Watu wa vibanda wakaanza kumtania kuhusu mkewe.

"Mzee, leo Mama Norah anatoka na ipi? Nyekundu au zambarau?"

"Nyekundu," alijibu bila kugeuka. "Zambarau ni ya Jumapili."

Ile rangi aliipaka kwenye meno ya difu. Akayazungusha mbele, akayazungusha nyuma, kisha akavaa miwani na kuangalia mahali rangi ilipofutika. Alama ikikaa pembeni mwa jino, aliniambia, jino litameguka. Ikikaa katikati, mtazeeka pamoja. Mara ya kwanza ilikaa pembeni. Akafungua kila kitu, akaongeza kibati chembamba kuliko ukucha, akafunga. Pembeni tena. Akafungua. Alifungua na kufunga mara sita. Kwa bei niliyomkandamiza, fundi mwingine angeridhika na ya pili, na nisingejua. Niliyaona hayo nikayanyamazia, maana ukimsifu mtu katikati ya kazi anakumbuka kwamba alipunjwa.

Akabadilisha krosi za propela, yaani viungo vyake, akaweka zenye matundu ya kutilia grisi. Akaurefusha mpira wa kupumulia wa difu mpaka nyuma ya kebini, juu kabisa. Alisema difu iliyochemka ikiingia mtoni ghafla huvuta pumzi, na isipovuta hewa itavuta maji. Mafundi wangu wawili wa kwanza hawakuwa wamenitajia kwamba difu inapumua.

Siku ya pili mkewe alileta chakula. Jina lake ni Norah Aluoch, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, na alizungumza na mumewe kwa kumgonga bega kwanza ili amtazame mdomo. Alipomaliza kumpakulia, akaja kukaa na mimi.

"Wewe ndiwe wa mbuzi?"

"Ndiye mimi. Mama Jamil."

"Basi nikuambie ukweli, Mama Jamil. Mwenye hiki kibanda anakitaka. Anataka kuweka watu wa kuosha magari. Ametupa mpaka mwisho wa mwezi ujao tuonyeshe kama tuna kazi au hatuna. Huyu anasema gari lako likienda Merti likarudi zima, wenzako wa Kiamaiko wataleta ya kwao, na tutabaki. Lisiporudi, tunarudi kwetu Ugenya. Mimi nimeshafunga vyombo." Akaangalia alikokaa mumewe akila, akashusha sauti ingawa haikuwa na haja. "Nina shamba kule. Usinilaumu ukisikia naomba lisirudi."

"Na yeye?"

"Yeye Ugenya atasikiliza nini? Kuku?"

Ilikuwa kweli kwamba wenzangu walikuwa wakitazama. Kiamaiko kuna pikapu kumi na moja zinazokwenda kaskazini kuleta mbuzi, na zote huvunjika kama yangu. Msemaji wao ni Owuor, mwenye mbili, mtu asiyenunua hata kiberiti kabla ya jirani kukiwasha. Alishaniambia mbele ya watu: "Mama Jamil, wewe tangulia kwa kiziwi. Ukirudi na gari, tunakuja. Ukirudi na kamba ya kuvutia, tutakusaidia kuvuta." Kwa hiyo jina la Phares lilikuwa limefungwa chini ya gari langu pamoja na hiyo difu. Sikuliona kuwa jambo la kunihusu. Lilikuwa jambo la kunipunguzia bei.

Siku ya tatu aliliwasha, akaweka nondo kwenye taya, akasikiliza kwa muda mrefu, akaridhika. Kisha akatoa amri. Kilomita mia nane za kwanza bila mzigo, mwendo wa wastani, kisha nirudi amwage oili.

"Bila mzigo? Gari litembee tupu, na mafuta ninunue?"

"Meno mapya hayajuani. Yape muda."

Kutembeza gari tupu ni dhambi ambayo sijawahi kuifanya. Nilifikiri siku nzima, nikapata jibu. Kuna duka la magodoro Tassia ambalo wapangaji wa maghorofa ya huko huliendea kila mwezi wanapohamia. Nikamkodisha mwenye duka pikapu. Magodoro ishirini, mzigo wa kufika mbinguni, na uzito wake hauzidi mbuzi watano. Mahad alilalamika kwamba madereva wenzake wanamwita mzee wa usingizi. Kilomita mia nane zikaisha, mafuta yakajilipa, na nilipomwambia Phares alicheka mpaka akakohoa.

Akamwaga oili na kuitia kidogo ndani ya chupa ya maji, akaandika namba ya gari na tarehe, akaipanga kwenye rafu. Zilikuwepo chupa kama hamsini pale, kila moja na namba yake, nyingine nyeusi kama lami. Yangu ilikuwa na rangi ya asali yenye vumbi kidogo la chuma.

"Hii ni ya kuzoeana," alisema. "Ya pili itakuwa safi. Sasa pakia mbuzi wako. Grisi kila safari, oili kila safari ya sita."

Ukutani, juu ya rafu, propela yangu ya mbele ilikuwa imening'inia, namba ya gari imeandikwa kwa rangi nyeupe. Niliitazama nikitoka, na ndipo nilipoanza kukosea.

Idd ya kuchinja ilikuwa imebaki wiki mbili. Hizo ndizo wiki zinazonilisha nusu ya mwaka. Mvua nayo ilikuwa imekataa kuisha kaskazini.

"Mathe," Mahad aliniambia, "magurudumu mawili kwenye ile matope? Tutalala huko. Yule mzee ametushikia propela yetu ya nini? Anataka tu umnunulie difu ya mbele."

Alisema nilichokuwa nikifikiri, na mtu akikusemea mawazo yako unamwona ana akili. Sikwenda kwa Phares kumuuliza. Kwenda kuuliza ni kuomba, na ningeomba angeniambia bei. Nikapita kwa wauza vipuri vya mtumba nyuma ya soko la Kariobangi, nikapata propela ya mbele kwa bei ya kuku wawili. Nikaifungisha na fundi wa kando ya barabara kule Huruma, ambaye hakuuliza difu zina meno mangapi, na mimi sikumwambia. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyempiga mwenzake chenga.

"Usivute lever mpaka ukwame kabisa," nilimwambia Mahad.

"Mathe, niamini."

Mahad na utingo wake walifika Merti salama. Wakapakia thelathini na wawili, madume tupu, ya Idd. Wakati wa kurudi, kama saa nne asubuhi, simu ikalia.

"Tumepita, mathe! Malori yamelala hapa upande upande, madereva wanachemsha chai, na sisi tumepita! Nimevuta zote nne, limelia kidogo tu, tumetoka!"

Nikamshukuru Mungu na kuanza kuwapigia wateja. Saa moja baadaye simu ikalia tena, na safari hii hakukuwa na kelele za furaha.

"Mathe, tumefika kwenye ardhi ngumu. Lever imekataa kutoka."

"Rudi nyuma kidogo uivute."

"Nimefanya hivyo. Halafu kumelia."

"Kumelia vipi?"

"Kama sufuria imeanguka jikoni. Na haijaacha kuanguka."

Mbuzi wangu walikaa siku mbili kando ya barabara wakila miiba, mpaka lori la kukodi likapatikana. Walifika Kiamaiko mkesha wa Idd, mbavu nje, wakati wanunuzi wangu wote walikuwa wameshafunga mbuzi wao uani. Niliwauza kwa bei waliyotaka wao. Mtaji ulirudi. Faida ya msimu ilibaki kule kwenye ardhi ngumu.

Siku ya tatu baada ya Idd pikapu ikaletwa Kariobangi imebebwa mgongoni mwa lori. Habari zilikuwa zimetangulia. Kiamaiko nzima ilikuwa ikisema difu ya kiziwi imekufa safari ya kwanza, na sikuwa nimemkanusha mtu.

Phares alitandika katoni akaingia chini. Alikaa huko muda wa kunywa vikombe viwili vya chai. Alipotoka alipangusa mikono, kidole kimoja kimoja, akatazama ukutani.

"Propela yako ile pale," alisema. "Hii iliyo chini ya gari ni ya nani?"

Mahad akatazama viatu vyake.

"Ni yangu," nikasema.

"Nani aliyefunga?"

"Haijalishi."

"Haijalishi," alikubali. Hakupandisha sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kelele najua kuzijibu.

Wakati huo huo Owuor akaingia na wenzake wanne, wameshika funguo za magari kama watu waliokuja kutoa pole.

"Fundi!" alipaza sauti, akimzungukia upande wa sikio la kulia. "Tumekuja kuaga maiti. Difu yako ilipatwa na nini, mzee? Hata mbuzi hawakushuka kwa raha!"

Wenzake wakacheka. Norah alikuwa amesimama mlangoni na kapu la chakula. Yeye hakucheka.

Phares akasema, "Ugonjwa wa gari la mtu nauzungumza na mwenye gari."

"Sema basi imekufa au haijakufa. Sisi watano tuna magari tisa yanangoja hapa, au yaende kwingine."

"Muulizeni mwenye gari."

Wote wakanigeukia. Nilielewa kwamba hatasema neno. Ndiyo desturi yake, na nimehakikisha baadaye kwamba ameishika tangu siku za reli: hamwaibishi mteja mbele ya watu, hata mteja akiwa ndiye mwenye makosa. Angekwenda Ugenya na jina baya kwa sababu ya propela ya bei ya kuku wawili, na chupa zake zote hamsini angezimwaga.

Sitadai kwamba nilimwonea huruma. Nilipiga hesabu, na niliipiga haraka. Nikinyamaza, ningemdai anitengenezee bure, na angetengeneza. Halafu angefunga kibanda. Halafu difu inayofuata ningeipeleka kwa nani? Kwa wale waliosema nimechagua vizuri? Nilikuwa nimeona mtu akifungua chuma mara sita kwa malipo ya mara moja. Mtu kama huyo akiondoka Eastlands, hasara ni yangu kwa miaka yote nitakayouza mbuzi. Nikisema, ningepoteza heshima kwa wiki moja, labda mbili.

"Difu haijakufa," nikasema. "Iliyokufa ni transfa, na nimeiua mimi. Alinikataza kutumia magurudumu manne, akatoa propela ili nisiweze. Ile pale ukutani. Nikaenda nikafungisha nyingine kwa siri, nisilipie difu ya mbele."

Owuor akapiga goti lake kofi.

"Mama Jamil! Wewe unayebishana na mizani! Umejipunja mwenyewe?"

"Nimejipunja. Cheka umalize."

Alicheka akamaliza, lakini Owuor ni Owuor. Akataka kuona. Phares akaingia chini na beseni safi akamwaga oili ya difu ya nyuma. Ilitoka na rangi ya asali. Akaonyesha bolti ya chini, yenye sumaku ya kunasa vyuma vilivyomeguka. Ilikuwa na utando laini wa kijivu tu, hakuna hata kipande kimoja cha chuma. Akaitoa difu yenyewe na kuifuta. Akapaka rangi nyekundu kwenye meno matano, akazungusha mbele na nyuma, nami nikamweleza Owuor maana ya alama. Owuor akawasha tochi ya simu na kupiga magoti kwenye oili na suruali yake ya Idd.

"Imekaa katikati," akawatangazia wenzake, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akijua mambo hayo. "Mnaona? Ikikaa katikati ndiyo sawa. Hata baada ya fujo yote ile."

Wakainama mmoja mmoja kuangalia. Yule wa mwisho, ambaye ndiye aliyecheka zaidi, akauliza kama kesho asubuhi kuna nafasi. Norah akaweka kapu chini. Akamgonga mumewe begani, akamtazama usoni, akasema taratibu ili midomo isomeke: "Kwa hiyo nifungue vyombo."

Hayo yalikuwa mwaka jana. Tangu hapo pikapu yangu imekwenda Merti mara kumi na tisa ikarudi kwa nguvu zake yenyewe. Nimebadilisha krosi moja na oili mara tatu. Mahad sasa ndiye anayewafundisha madereva wengine habari za grisi, na hunyamaza wakimwuliza alijifunzia wapi. Difu ya mbele niliinunua, na transfa pia, na zote Phares alinitoza bei ya kwanza aliyotaja. Nilifungua mdomo nibishane. Akainua nondo na kuibana kwenye taya, akafumba macho, akasubiri nimalize. Nikalipa.

Kilichonipotea ni faida ya Idd moja, na lile jina langu la mtu asiyepunjwa, ambalo Owuor hulitaja kila akitaka kunipunguzia bei ya mbuzi. Phares amepata kibanda kwa mkataba wa miaka mitatu na pikapu kumi na moja za Kiamaiko. Wiki iliyopita lilikuja hata lori la mchanga kutoka Machakos, la mtu aliyesikia habari zake njiani. Yeye alichopoteza ni kampani. Norah alivumilia mpaka mvua za vuli, kisha akasema shamba halijilimi, akapanda basi. Anakuja siku nne kila mwezi na ndizi na malalamiko, na siku hizo nne fundi anafunga kazi saa kumi, hata liwe gari la nani juu ya jeki.

Mimi nilipeleka langu Jumanne kwa ajili ya klachi. Nilikuta magari matatu mbele yangu. Nikamwambia mimi ndiye niliyemletea watu hawa wote. Akasema anajua, akanionyesha ndoo ya kukalia.